UZI: Darasa la pili, watoto 94, spika moja. Mwaka mzima wa hadithi za kusikiliza: kilichonisaidia na kilichonigomea

Mwalimu wa Salfeti (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Walimu wa madarasa ya chini sogeeni hapa. Wazazi nanyi karibuni, ila msinianze na "walimu wa siku hizi".

Nafundisha darasa la pili, shule ya serikali, kijijini, mkoa wa Morogoro. Watoto 94, chumba kimoja, bati bila dari. Jambo hili nimelifanya tangu Januari ya mwaka jana na nilijiapiza nisilete uzi mpaka nione mwisho wake.

Tatizo lilikuwa hili. Watoto wangu wengi silabi wanazijua. Waonyeshe ba be bi bo bu, wataimba kama kwaya ya Pasaka. Wape sasa sentensi, "Mama anapika ugali". Mtoto anaifikia, lakini kwa safari ya miguu: ma... ma... a... na... pi... ka... Akifika kwenye ugali, aliyekuwa anapika ameshamsahau. Ukimuuliza nani anapika, anarudi mwanzo wa mstari kuanza safari upya. Huyo ndiye ninayemzungumzia. Yule asiyeijua herufi kabisa ana dawa yake nyingine, nitamgusa mbele.

Tunachokitafuta kinaitwa ufasaha wa kusoma: asome kwa usahihi, kwa kasi ya kueleweka, na kwa kiimbo cha mtu anayezungumza. Wamarekani wawili, LaBerge na Samuels, walilieleza vizuri mwaka 1974. Akili ya mtu haina nafasi ya kutosha ya kushughulikia kila kitu kwa wakati mmoja. Nafasi yote ikiliwa na kutambua herufi, ya kuelewa habari haibaki. Ni kama anayejifunza baiskeli: macho yote yapo kwenye pedali, shimo la mbele analiona akiwa ndani yake.

Na Kiswahili chetu kina mtego wake. Maandishi yetu hayadanganyi, kila herufi inatamkwa vilevile siku zote, kwa hiyo mtoto anaweza "kusoma" mapema, na mwalimu anaridhika mapema. Lakini maneno yetu ni treni. Chukua "hawakuninunulia". Neno moja, silabi nane. Mtoto anayedonoa silabi mojamoja anazipa zote uzito uleule, HA-WA-KU-NI-NU-NU-LI-A, na sikio lake halisikii neno, linasikia kokoto zikidondoka kwenye debe. Sisi tunaojua lugha tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo ndio unaoliambia sikio kwamba neno limeishia hapa, jingine linaanza. Ukiuondoa mkazo, umeondoa nafasi kati ya maneno. Hili sikulisoma chuo cha ualimu, nililigundua nikiwa nimekaa kwenye dawati la nyuma nasikiliza watoto, nikashangaa kwa nini simwelewi mtoto anayesoma kila silabi kwa usahihi.

Nilivyoanza sasa. Sikuanza kwa hekima, nilianza kwa kukaukiwa na sauti. Ukiwasomea watoto 94 chini ya bati, mvua ikapiga, wiki ya pili koo limekwisha. Nikajirekodi kwa simu, nikanunua spika ndogo ya kuchaji, nikaja nayo darasani.

Kosa la kwanza. Rekodi zangu zilikuwa mbili tu, nikajaza pengo kwa hadithi nilizozipata mtandaoni, nzurinzuri, zenye muziki, sauti za simba na ngoma. Watoto walizipenda mno. Darasa kimya. Mkuu wa shule akapita dirishani, akatikisa kichwa kwa furaha. Wiki tano! Nilipowapima, wale wa kudonoa walikuwa wanadonoa vilevile. Masikio yalishiba, macho yalikuwa yanahesabu misumari ya bati. Hadithi ya kusikiliza peke yake inampa mtoto msamiati, inampa hamu, inampa lugha. Kusoma haimpi.

Kosa la pili lilikuwa kasi. Niliandika hadithi kwenye mfuko wa salfeti (ule wa mbolea, wa plastiki mweupe, ukiupasua unapata ubao mkubwa usioraruka), nikautundika, nikajirekodi nikisoma kama msomaji wa taarifa ya habari. Kijiti changu kilikuwa kinakimbizana na sauti yangu mwenyewe, watoto wakaacha kukifuata sentensi ya pili.

Hapo ndipo niliporudi nyuma. Hadithi fupi, maneno 50 hadi 70, nimeitunga mwenyewe kwa maneno wanayoyajua. Nairekodi mara tatu. Ya kwanza naiita ya kinyonga: polepole, lakini NENO ZIMA kwa neno zima, si silabi kwa silabi, na natulia kwenye kila nukta. Ya pili ya mbuzi: mwendo wa kawaida wa mtoto anayejua kusoma. Ya tatu ya sungura, kama mtu anayesimulia. Wiki nzima hadithi moja. Jumatatu wanasikiliza tu, mfuko nimeukunja, tunacheka, tunaulizana. Jumanne mfuko unatundikwa, kinyonga anaanza, kijiti kinagusa kila neno linapotamkwa. Siku zinazofuata wanasoma pamoja na sauti, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, na kijiti anashika mtoto. Ijumaa spika inabaki ofisini.

Hii ya Ijumaa ndiyo roho ya uzi wangu. Sauti isipozimwa, umejenga mkongojo. Na nasema imezimwa kweli, mtoto anasimama mbele ya mfuko peke yake au wawiliwawili.

Baadaye, nikiwa na bando la usiku, nikakuta kwamba wenzetu walishapita njia hii na kaseti. Carol Chomsky (ndiyo, marehemu mke wa yule Noam Chomsky wa isimu) aliandika mwaka 1976 kuhusu watoto watano wa darasa la tatu huko Marekani, wenye miaka minane, waliofundishwa herufi zote wakazijua, lakini kusoma kukawagomea. Aliwapa vitabu vya hadithi vilivyorekodiwa kwenye kaseti, wakasikiliza huku wakifuata maandishi, wakarudia na kurudia mpaka wakaweza kukisoma kitabu wenyewe kwa ufasaha. Kitabu cha kwanza kiliwachukua muda mrefu. Vilivyofuata vikaenda haraka zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa, maana kwangu hadithi ya kwanza ilikula wiki tatu, na kufikia Agosti wiki moja ilikuwa inatosha na siku inabaki. Mwingine, Marie Carbo, mwaka 1978 naye alisema rekodi ziwe za polepole na vipande vifupi. Ningeyasoma hayo Januari ningeokoa wiki tano za simba na ngoma.

Nimeandika vya kutosha. Tahadhari moja ya kiufundi kabla sijasahau: kama unatumia memori kadi, ifute yote kwanza. Isibaki na wimbo hata mmoja. Ulizeni, nipo.

---

Mpita Njia

Mkuu, kwa heshima, huku si kusoma, ni kukariri. Hadithi moja wiki nzima? Hata kasuku wa jirani angeisoma.

---

Mwalimu wa Salfeti

Kwanza mimi ni mama, si mkuu, lakini nimepokea.

Pili, umeuliza swali lenyewe. Ijumaa mtoto mmoja alinisomea mfuko mzima vizuri sana huku anaangalia mlangoni. Nilicheka, halafu nikaogopa. Tangu hapo nina kadi. Nakata manila, naandika maneno ya hadithi ileile, nazichanganya, napanga sentensi ambayo haimo kwenye hadithi. Hadithi inasema "Mbuzi wa bibi amekula daftari la Asha". Kadi zinasema "Asha amekula daftari la bibi". Aliyekariri atasema mbuzi. Anayesoma atacheka, maana ameelewa nani amekula nini. Ule mcheko ndio mtihani wangu, unanitosha kuliko alama ya vema.

Na kurudia kwenyewe si dhambi. Samuels yuleyule wa 1974 aliandika tena mwaka 1979 kuhusu kurudia kifungu kifupi mpaka mtoto akisome kwa wepesi, na jambo alilolieleza ni kwamba wepesi ule unahamia kwenye kifungu kipya, hata kama mtoto hajawahi kukiona. Jopo la Marekani lililopitia tafiti za kusoma likatoa ripoti mwaka 2000 nalo lilikubali kusoma kwa sauti kwa kurudia, mwalimu akiwa anaelekeza. Angalia hayo maneno ya mwisho.

---

Bint Chuoni

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, namsomesha mwanangu nyumbani na asubuhi nasomesha skuli.

Mwalimu, unachokieleza sisi tumekikuta chuoni, yaani madrasa. Maalimu anasoma aya, mtoto anafuata kwa kijiti juu ya juzuu, anasoma nyuma yake, anarudia mpaka ulimi unalainika. Kijiti chako cha salfeti na kijiti cha juzuu ni ndugu. Na faida yake tunaijua: mtoto anatoka na matamshi safi, anajua wapi pa kuvuta na pa kusimama.

Lakini na hatari yake tunaijua vilevile, wala si vibaya kuisema. Wapo watoto wanaosoma sura nzima kifuani, ukimfungulia ukurasa wa katikati ya msahafu ukamwambia "soma hapa" anababaika. Ndiyo maana maalimu wangu mimi, Mungu amrehemu, alikuwa akitugeuzia. Alikuwa anaziba mstari kwa kiganja, anaacha neno moja tu, anauliza "hili?" Ukikosea anakurejesha kwenye herufi, alifu fataha A. Zile kadi zako ndicho kile kiganja.

Jambo jengine, huku Zanzibar tuliwahi kuwa na vipindi vya redio vya watoto wadogo, Tucheze Tujifunze, chini ya mradi ulioanza 2006. Uzuri wake, redio ilikuwa inauliza kisha inanyamaza ili watoto wajibu. Ule unyamavu ni wa kutengenezwa, una kipimo. Kwenye rekodi zako umeacha nafasi za namna hiyo au unasoma moja kwa moja?

---

Mwalimu wa Salfeti

Wa alaykum salaam dada yangu. Kiganja cha maalimu nimekichukua, kesho nakitumia.

Nafasi naziacha kwenye rekodi ya kinyonga tu. Nasoma sentensi, nanyamaza muda wa watoto kuirudia, naendelea. Mwanzoni nilikuwa nakisia, unyamavu ukawa mfupi, watoto wakawa wanakatwa katikati. Sasa nikirekodi, kwenye nafasi naisoma sentensi moyoni kwa mwendo wa mtoto wangu wa polepole kuliko wote, nikimaliza ndipo naendelea. Kwa sungura siachi, wamkimbize.

---

Ng'wana wa Kanda

Nipo Simiyu. Kwangu shida ni kinyume cha yako, mwalimu. Nina watoto wanaosoma haraka, safi, na kiimbo wameiga vizuri, ila ukiuliza "mbuzi amekula nini?" wanakuangalia. Kiswahili chenyewe hawana. Nyumbani Kisukuma, kisimani Kisukuma, machungani Kisukuma. Kiswahili wamekutana nacho mlangoni mwa shule. Spika itanisaidia nini?

---

Mwalimu wa Salfeti

Mwenzangu, kwako nadhani spika ina kazi kubwa kuliko kwangu, ila kwa mpangilio tofauti.

Kuna wataalamu wawili, Gough na Tunmer, mwaka 1986 walisema kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili, kutambua maandishi MARA kuielewa lugha inaposemwa. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Moja ikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata nyingine iwe mia. Wangu walikuwa na lugha, maandishi yakiwalemea. Wako wana maandishi, lugha ni haba.

Kwako mimi ningeirefusha Jumatatu iwe siku tatu. Hadithi isikilizwe bila maandishi, mtoto mmoja aisimulie kwa Kisukuma, wengine wabishe, vitu vyenyewe viletwe darasani kama vinaletwa, waigize. Simba na ngoma nilizozilaani kule juu, kwako zina ruhusa, maana sauti ya mbuzi akilia inafafanua neno mbuzi bila tafsiri. Wakishaijua hadithi kwa sikio ndipo waione kwa jicho. Na mimi huwa nauliza maswali kabla ya kupima kasi. Kasi bila jibu siiandiki kwenye daftari.

---

Mzee wa Mawimbi

Mmenikumbusha mbali. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha mama Debora Mwenda. Mtaa mzima ulikuwa na redio moja, kwa fundi cherehani. Watoto tunajaa barazani, hakuna anayekohoa. Kesho yake shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anatuambia tuiandike ile hadithi kadiri tunavyoikumbuka. Anachukua moja, anaiandika ubaoni, tunaisoma. Kwa kuwa tulikwishaisikia, maneno magumu tuliyategemea kabla macho hayajafika. Sikujua kama ule ulikuwa utaalamu, nilidhani mwalimu ni mvivu wa kuandaa somo!

Ninyi mna simu mfukoni, sisi tulikuwa tunasubiri mawimbi yatulie.

---

Mwalimu wa Salfeti

Shikamoo mzee. Huyo mwalimu wenu hakuwa mvivu hata kidogo, naomba niibe hiyo nayo. Uzi huu naona unaniandalia masomo ya muhula mzima.

---

Teacher wa Gredi ya Pili

Hamjambo majirani. Naandika kutoka Nakuru. Kwetu watoto wanasoma Kiswahili na Kiingereza sambamba tangu gredi ya kwanza, na nimejaribu sauti kwa lugha zote mbili. Tofauti ni kubwa. Kiswahili mtoto akikwama, mwambie "ivute silabi", atafika. Kiingereza herufi zinadanganya. "Though", "through", "tough": ukimwambia mtoto avute herufi unampeleka porini. Pale sauti si ya ufasaha tu, ni ya kumwonyesha neno linavyotamkwa kabla hajalizoea vibaya. Kwa hivyo mimi Kiingereza naanza na sauti na maandishi pamoja tangu siku ya kwanza, siachi siku ya kusikiliza tu.

Mambo mengine mawili. Kwanza, msifananishe idadi ya maneno kwa dakika baina ya lugha. Neno moja la Kiswahili ni sentensi nzima ya Kiingereza. Hilo "hawakuninunulia" lako kwa Kiingereza ni maneno sita, "they did not buy for me". Mtoto wa maneno 40 kwa Kiswahili amebeba mzigo mzito kuliko wa maneno 40 kwa Kiingereza.

Pili, vishikwambi. Shule yetu inavyo tangu ule mpango wa serikali wa 2016. Viko kabatini, kabati lina kufuli, kufuli lina mwenyewe, mwenyewe yuko mkutanoni. Nimebaki na simu yangu na kipaza sauti cha kanisa.

---

Mpita Njia

Sasa hapo kwenye vishikwambi ndipo mngewekeza. Mtoto mmoja, kifaa kimoja, anasikiliza kwa kasi yake. Haya ya mfuko wa mbolea ni ya karne iliyopita.

---

Mwalimu wa Salfeti

Ndugu Mpita Njia, hukupita, umekaa, karibu mkeka.

Sikatai kifaa. Tena mfano upo nyumbani. Yale mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa majaribio vijijini mkoani Tanga, watoto karibu 3,000 wakapewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, sauti na maandishi pamoja, chaji ya sola, bila mwalimu. Wengi wao hawakuwahi kuingia shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kabisa ilipungua kwa nusu. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Kwa mtoto aliye mbali na shule hilo ni jambo kubwa sana, silidharau.

Lakini hesabu yangu ni watoto 94 na spika ya shilingi 25,000 niliyoinunua kwa hela yangu. Mfuko wa salfeti ni bure, kila mtu anauona kuanzia dawati la nyuma, haupasuki ukidondoka, hauibwi. Na kuna kitu kimoja kifaa hakinipi: nikisimama pembeni ya mfuko naona macho. Naona nani kijiti kimefika "daftari" na macho yake bado yapo kwenye "mbuzi". Hao saba wanane nawachukua mchana chini ya mwembe, na wengi wao nagundua silabi zenyewe hazijakaa, hasa zile za herufi zilizoungana, mbw, ng'w, ndw, nya. Hao siwawekei hadithi. Nawarudisha kwenye silabi kwanza. Hili lilinigharimu kulijifunza, kuna watoto niliwachelewesha nikidhani rekodi itawabeba. Haikuwabeba. Mmoja wao amepanda darasa la tatu bado anadonoa, na huyo nalala nikimfikiria.

---

Mama Wawili Muscat

Jamani mimi si mwalimu, nipo Oman na wanangu wawili wanaosoma shule ya Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili wanasikia kwangu na kwa bibi yao Tanga kupitia simu. Bibi anawatumia hadithi kwa sauti WhatsApp, dakika mbili tatu, na "paukwa pakawa" yake kamili. Nilikuwa nawachezea wakilala. Baada ya kusoma hapa nimekaa jana nikaiandika moja neno kwa neno, nikaichapa kwa herufi kubwa, wakaifuata kwa kidole. Shida, bibi anasimulia, hasomi! Anarudia, anacheka katikati, anamkaripia kuku uani kisha anaendelea. Niandike na kuku?

---

Mwalimu wa Salfeti

Andika na kuku mama! Kwanza watakipenda kipande hicho kuliko vyote.

Ila ukitaka cha kujifunzia, fanya mambo mawili. Hadithi ya bibi ibaki ya kulalia. Kisha uifupishe wewe, maneno sitini, umtumie bibi maandishi, umwombe aisome mara moja polepole. Kama macho ya bibi hayaruhusu, isome wewe. Watoto wa ughaibuni wanaihitaji sauti wanayoijua. Hata darasani kwangu niliona, siku niliyomrekodi mama mpishi wa uji watoto walishika kijiti kwa kupigana.

---

Bint Chuoni

Hapo kwenye sauti, swali. Rekodi yako unaitumia kijiji kimoja. Ukitupa sisi huku, itafaa? Watoto wangu wakikusikia unasema "shule" watakusahihisha wewe, maana kwao ni skuli.

---

Mwalimu wa Salfeti

Ndiyo sababu nimekataa maombi ya PM (ujumbe wa faragha) ya kutuma mafaili (yamefika kumi na moja, samahanini). Sitaki sauti yangu ya Morogoro isomeshe Unguja wala Simiyu. Kujirekodi kunachukua robo saa. Ingia chumbani, funga mlango, funika simu na kanga isichukue upepo, soma. Ukikosea rudia. Watoto wanafuata sauti ya mwalimu wao kuliko ya mtangazaji, na ukiugua, spika inakaa na mwenzako darasani kwa sauti yako.

Ila maandishi nawapa. Hii ndiyo ya mbuzi, itumieni, ibadilisheni:

*Mbuzi wa bibi amekula daftari la Asha. Asha analia. "Nitasoma nini kesho?" Bibi anacheka. "Usilie, mjukuu wangu. Mbuzi huyu anataka kusoma." Asha anamwangalia mbuzi. Mbuzi anamwangalia Asha. "Haya, soma!" Asha anasema. Mbuzi anasema, "Meee!" Asha anacheka. "Bibi, mbuzi amesoma herufi moja tu." "Ndiyo," bibi anasema. "Kesho mletee kitabu cha pili."*

Angalieni alama za mtajo. Kwenye rekodi ya sungura sauti ya bibi iwe ya bibi na ya mbuzi iwe ya mbuzi, maana mtoto akifika kwenye zile alama anajifunza kwamba zina kazi. Wangu walikuwa wanasoma maneno ya Asha na ya bibi kwa sauti moja iliyonyooka, kama orodha ya mahudhurio. Baada ya wiki ya mbuzi walianza kuniuliza, "Mwalimu, hapa anasema nani?" Swali hilo hawakuwahi kuniuliza kabla.

---

Kitochi

Mwalimu mimi ni wa kujitolea, shule shikizi, darasa la kwanza na la pili chumba kimoja. Spika sina. Simu yangu ni kitochi, ila ina tundu la memori kadi na spika yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Itafaa?

---

Mwalimu wa Salfeti

Itafaa sana. Gawanya watoto, kumi na tano wakae karibu, wengine wanakili kutoka ubaoni, kisha mbadilishane. Simu iweke ndani ya sufuria tupu au kibuyu, sauti itakua. Rekodi kwa simu ya mtu mwingine kama yako hairekodi vizuri, hamishia kwenye kadi. Mtoto mwenye shida ya kusikia akae ubavuni mwa sufuria. Na kadi, narudia, ifute.

---

Teacher wa Gredi ya Pili

Sufuria! Hiyo naijaribu hata mimi, kipaza sauti cha kanisa kinahitajika Jumatano kwa maombi.

---

Kitochi

Mrejesho. Nimejaribu leo. Watoto kumi na sita, mfuko wa saruji maana salfeti sikupata, simu ndani ya sufuria ya uji. Kinyonga akaenda vizuri. Kijiti kikaenda vizuri. Tumefika "Mbuzi anasema, Meee!" darasa zima likalia meee, hadi la kwanza lililokuwa linanakili likajiunga. Rekodi ikaisha, nikawa nazungumza nao, sikuizima.

Kadi sikuifuta mwalimu. Ikaruka faili lililofuata, ikaanza singeli, ndani ya sufuria, sauti yote. Nimemaliza kipindi nimesimama ukutani watoto thelathini na mbili wanacheza. Kesho tunaendelea na mbuzi.